Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania: mbegu za upupu

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu mbegu za upupu, mmea ambao wengi wetu tunaujua kwa kuwasha tu, ingawa ile aina isiyowasha, ambayo baadhi ya wakulima huipanda pamoja na mahindi ili kurutubisha udongo, huzaa mbegu tele zisizoingia jikoni. Mwaka jana tuligawiwa kijijini kipeperushi kilichozisifu kwa sentensi moja, kwamba zina protini ya hadi asilimia 30. Sentensi hiyo haina uongo, na ndiyo maana inanitia hofu.

Protini hiyo ina laisini nyingi na methionini kidogo (hivi ni vijenzi vya protini ambavyo mwili hupata kwenye chakula), hivyo inafaa sana kuliwa na ugali, ambao kasoro yake ni upungufu wa laisini. Lakini katika gramu 100 za mbegu kavu, kwa kawaida mna pia gramu 3 hadi 7 za levodopa, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, na kipeperushi hakikuitaja popote. Kukaanga peke yake hakutoshi kuiondoa. Inatoka kwa maji. Mbegu hupasuliwa, hulowekwa, humenywa, kisha huchemshwa na maji kumwagwa tena na tena, na maji ya mwanzo, kama nilivyojionea sufuriani, huwa meusi kama wino.

Huko Nampula, Msumbiji, ambako watu wamezoea kuzipika hivyo, mwaka 1989 maji yalipokuwa haba kwa ukame, zaidi ya watu 200 waliugua ghafla kwa kuchanganyikiwa akili, na mbegu hizi ndizo zilizotajwa kuwa chanzo.

Kwa hiyo ninaomba taasisi yako, itakapochapisha viinilishe vya upupu, iweke takwimu za mbegu zilizopikwa kando ya zile za mbegu mbichi, pamoja na kiasi cha levodopa kilichosalia, kwa sababu hata sehemu ya protini na madini humwagwa na yale maji, na asilimia 30 ya kwenye karatasi siyo inayofika sahanini.

Siku ile ya vipeperushi mama mmoja aliniuliza maji yabadilishwe mara ngapi, maana kisima chake kiko mbali na ndoo ni mbili tu kwa siku. Nilikigeuza kile kipeperushi pande zote mbili, nikamrudishia.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Mtwara