Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: 21 Mei sio siku ya chai tu

Ndugu Afisa Elimu,

Shikamoo. Sitaji wilaya wala jina lako, unajijua, na wenzangu tuliokaa nao kwenye lile benchi nje ya mlango wako wanakujua pia. Hii ningekuletea ofisini kama zile tatu za mwanzo, ila zote ziligongwa muhuri wa IMEPOKELEWA zikapotelea hukohuko, kwa hiyo leo naiweka hadharani kila mtu aisome.

Ishu ni ileile. Kalenda ya ukutani ya Leo Katika Historia mliyogawa mashuleni, ambayo mwanafunzi wa zamu anaisoma paredini kila asubuhi. Wazo zuri sana, nilikupigia makofi kwenye kikao cha wazazi na sijutii. Mtoto akijua kila siku ya mwaka ina mambo yake, kuna waliozaliwa na waliokufa, anakua na akili. Shida ni nani kachagua hayo mambo.

Jumatano ya tarehe 21 Mei 2025 binti yangu wa darasa la nne ndio alikuwa zamu. Jioni kaja kuturudia nyumbani, kasimama katikati ya sebule mikono nyuma. 1904, FIFA ilianzishwa Paris. 1927, rubani Charles Lindbergh alitua Paris akitokea New York peke yake bila kutua popote njiani. 1932, Amelia Earhart alitua Ayalandi ya Kaskazini, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege. 1972, alizaliwa rapa Notorious B.I.G. (huyu nampenda, sina ugomvi naye kabisa). 1991, Rajiv Gandhi aliuawa huko India. Halafu kwa sauti ya juu kama mlivyowafundisha: leo ni Siku ya Kimataifa ya Chai! Maana siku hiyo kila mtoto alitakiwa aende na kikombe na shilingi mia tano.

Mama yangu alikuwa kwenye kochi anachambua maharage. Akaacha kuchambua. Hakusema kitu, akaweka ungo chini akaenda chumbani.

Sasa mkuu ngoja nikuambie habari ya chai. Tarehe 21 Mei 1996, ilikuwa Jumanne, mama alikuwa bandarini Mwanza toka alfajiri na chupa ya chai ya maziwa na maandazi kayafunga kwenye kitambaa, anamsubiri dada yangu anakuja na meli ya MV Bukoba. Dada meli ilikuwa inamtapisha kila akipanda, akishuka lazima apate kitu cha moto ndio akili imrudie. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimebaki nyumbani. Mama alirudi usiku na ile chupa. Chai ilikuwa bado ina uvuguvugu, na hicho ndicho alichokuwa anakirudia siku zote zilizofuata, watu wanakuja kutoa pole yeye anawaambia mbona chai ilikuwa bado ina uvuguvugu.

Meli ilikuwa ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili tu ilikuwa na watu 443, hapo hujahesabu mikungu ya ndizi, na la tatu halikuwa na orodha kabisa. Dada alikuwa la tatu. Ndio maana mpaka leo ukiuliza walikufa wangapi mmoja atakwambia mia nane na kitu, mwingine karibu elfu, hakuna anayejua maana hakuna aliyeandika. Ilipinduka imekaribia kabisa Mwanza, waliobaki ndani wanasikika wanagonga, waokoaji wakatoboa bati la chini wawatoe, hewa ikatoka meli ikashuka na watu. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo ya taifa. Wengi walizikwa Igoma, tunaenda kila mwaka, na wapo pale ambao hawakutambuliwa, mama huwa anachagua tu mahali anasimama.

Yaani dada kwenye orodha ya abiria hayupo, kaburi lenye jina lake halipo, kilichobaki ni tarehe. Na tarehe yenyewe mmeipa chai.

Nilivyokuja mara ya pili karani wako aliniambia eti habari za vifo zinaogopesha watoto. Sawa. Rajiv Gandhi aliuawa na bomu, huyo haogopeshi? Mimi nahisi, na nisamehe kama nakosea, kuna mtu alifungua intaneti akakopi akapesti akatafsiri, basi. Angalia 26 Aprili: juu kabisa Chernobyl 1986, Muungano wetu uko chini kwa herufi za kutafuta na miwani. 24 Juni Messi kazaliwa 1987, hongera zake, ila ajali ya treni ya Igandu kule Dodoma ya 2002 iliyoua watu 281 haipo. 20 Septemba ajali ya kivuko cha MV Nyerere haipo, pale Ukara, 2018, zaidi ya watu 220, juzi tu hapa, kuna watoto kwenye shule zako wamefiwa pale! Na cha kuchekesha hata kwenye intaneti ya wazungu MV Bukoba ipo, maana alizama nayo Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa wakubwa wa Al-Qaeda. Kwa hiyo hata kukopi mmekopi kivivu.

Ulisema mbele ya wazazi wote, toleo lijalo tutarekebisha. Toleo lijalo limetoka, nimelipitia ukurasa kwa ukurasa. Kilichobadilika ni picha yako ya mbele, imekuwa kubwa zaidi.

Kwenye barua ya kwanza niliomba mengi, niliomba kamati, waitwe walimu wastaafu wa historia, kila tarehe ianze na ya kwetu ndio zifuate za nje. Naona nilijipandisha sana. Naacha yote, hata Messi mwacheni na Chernobyl ikae hukohuko juu. Mei 2026 inatimia miaka 30. Naomba mstari mmoja tu tarehe 21 Mei, "1996: MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria", hata uwe chini ya chai, hata kwa herufi zile za Muungano. Kama kuchapa upya ni gharama basi stika, nimeshauliza bei stesheneri, nalipa mimi, na kuzibandika shule hadi shule nitazunguka mwenyewe na pikipiki yangu, nyie nipeni barua ya ruhusa tu. Mstari mmoja mkuu. Najua mnapeleka kuchapa kabla ya Desemba.

Ni mimi,
mzazi wa darasa la nne B

NB: Kikombe cha mtoto hakijarudi mpaka leo. Cha bati, cheupe, kina maua mekundu. Ni cha bibi yake.