Shemeji, nguo za Poe unazielezaje?

Shemeji,

Shikamoo. Juzi mezani ulimaliza mjadala kwa sentensi moja: Edgar Allan Poe, yule mwandishi wa Marekani wa hadithi za kutisha, alikufa kwa pombe, basi. Sikutaka kukubishia mbele ya wakwe, ndiyo maana nakuandikia hapa.

Hiyo habari ya pombe tumeipata kwa nani? Poe aliondoka mji wa Richmond mwishoni mwa Septemba 1849. Oktoba 3 mpanga herufi wa gazeti, Joseph Walker, alimkuta hajiwezi kwenye baa ya Gunner's Hall, Baltimore, akaandika kikaratasi haraka kumwita Dkt. Snodgrass, ambaye Poe alimtaja kuwa wanafahamiana. Alilazwa hospitali, akaweweseka, na tarehe 7 akakata roho. Miaka 40 tu.

Snodgrass ndiye aliyeshikilia ya ulevi. Lakini huyo alikuwa mpiga kampeni dhidi ya pombe. Mfu maarufu kama huyo alimfaa sana majukwaani. Dkt. Moran, aliyemhudumia, alikana, ingawa naye simulizi yake ilizidi kunenepa kadiri miaka ilivyokwenda. Rekodi za hospitali hazipo. Naye Rufus Griswold, hasidi wa Poe wa siku nyingi, aliwahi gazetini na taazia ya kumchafua, tena kwa jina la bandia.

Mimi nang'ang'ania nguo alizokutwa nazo Poe. Koti kuukuu lililopauka, viatu vilivyolika visigino, kofia chakavu ya majani, na wala hazikuwa zake. Siku hiyo ilikuwa ya uchaguzi, na Gunner's Hall kilikuwa kituo cha kupigia kura! Enzi hizo wahuni wa vyama huko Marekani walikuwa wakiteka watu, wakiwafungia, wakiwanywesha, kisha wakiwabadilisha nguo ili wapige kura kituo hiki na kile. Wewe uliyekuwa wakala wa chama usijifanye unashangaa.

Mwaka 1996 daktari mmoja alipendekeza kichaa cha mbwa. Sawa, lakini mbwa havui mtu koti.

Nakubali, nadharia yangu ina tundu. Poe alikuwa na ndugu Baltimore na alijulikana mjini. Wangemzungushaje vituoni asitambuliwe? Hapo ndipo nataka ujuzi wako wa uwakala, shemeji. Nijibu kwa maandishi, maana kwa mdomo sikuwezi.