Waimbe Wakikunja Mipira

Swahiba wangu,

Barua yako imenikuta natoka zamu ya usiku, nikaisoma hata viatu sijavua. Pole na kikosi cha zimamoto ulichokabidhiwa, wakongwe pembe hii, wageni pembe ile, na meza ya chai katikati kama mpaka. Usinicheke nikikwambia dawa iliyotufaa sisi: kuimba.

Si kwaya, tafadhali. Ukiwapanga mistari na kuwafundisha sauti nne, watakununia. Sisi tulianzia kwenye mipira ya maji. Kazi hiyo unaijua: mmetoka kwenye moto, mpira umelowa na matope, mzito kama chatu aliyeshiba, na kila mtu anavuta kivyake. Siku hiyo mzee wetu wa pampu akaanzisha wimbo wa mchakamchaka, tukaitikia, na kila kiitikio mikono ikavuta kwa pamoja. Kijana mmoja mwenye wiki mbili kituoni, ambaye hata salamu alikuwa akiinong'ona, akaudaka ubeti uliofuata. Akatutaja mmoja mmoja kwa utani, mpaka mkuu wa kituo na kitambi chake. Mkuu akaitikia kama sisi! Tangu hapo kijana hakai tena peke yake.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walilinganisha madarasa ya watu wazima, mengine ya kuimba, mengine ya kazi za mikono na ya uandishi, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Miezi saba ilipokwisha, wote walikuwa wamezoeana sawa, ila waimbaji walizoeana mapema zaidi. Utasema basi faida iko wapi? Iko hapo kwenye mapema. Mgeni aliyeripoti Jumatatu huenda Jumatano mkaingia naye kwenye moshi, huoni hata kiganja chako, unachojua ni bega lake tu. Miezi saba utaitoa wapi?

Halafu kuna pumzi. Mwenye hofu huumaliza mtungi wa hewa aliobeba mgongoni upesi kuliko aliyetulia, nawe umewaona. Anayeimba hujizoeza kuitoa pumzi polepole bila kujua kama anajizoeza. Mazoezi ya barakoa na mtungi yabaki palepale, lakini.

Asiyetaka kuimba mwache, apige makofi au anyamaze. Wimbo wa amri ni adhabu. Na mkitoka kwenye tukio lililoua mtu, usianzishe wewe. Usiku mmoja tulirudi kimya, tukaosha gari kimya. Karibu na alfajiri mtu akaanza kuguna wimbo, maneno hakuna, na mmoja baada ya mwingine tukaingia, matambara mkononi. Kesho yake hakuna aliyelitaja.

Niandikie wameanza na wimbo gani. Ila wewe usiongoze, sauti yako bado naikumbuka.

Wako wa siku zote