Bunduki ya Rangi Ikikohoa, Anza na Mtungi

Kauli tunayoisikia kuliko zote kwenye meza yetu ya matengenezo ya bunduki za peintiboli, mchezo wa kulengana kwa risasi za rangi, ni hii: "Bunduki yangu imekufa." Tunaifungua, tunakuta springi nzima, oringi (pete za mpira zinazozuia gesi isivuje) nzima, komeo (kipande kinachosukuma risasi mtutuni) linateleza vizuri. Mara nyingi kosa liko kwenye gesi iliyoingia au risasi zilizopita humo. Ndiyo maana tunataka mteja ajue kinachotokea mle ndani kabla hajachagua aina ya kununua.

Bunduki ya peintiboli haina baruti. Inaendeshwa na gesi tu. Kwenye zile za kimekanika zilizozoeleka, kuna nyundo ndogo ya chuma iliyonaswa na ndoano, na nyuma yake springi iliyobanwa. Ukivuta triga, ndoano inaachia, nyundo inaruka mbele na kugonga vali. Vali inafunguka na kufunga kufumba na kufumbua. Gesi inayotoka inagawanyika: sehemu inasukuma risasi mtutuni, sehemu inairudisha nyundo nyuma ili inaswe tena. Komeo nalo linarudi, risasi nyingine inadondoka kutoka kwenye hopa, yaani chombo cha risasi kilicho juu ya bunduki, na kijimpira laini kinaizuia isibingirike kabla ya zamu yake.

Sasa mtungi. Ndani ya mtungi wa kaboni dioksaidi kuna kimiminika, na kila unapofyatua, kiasi chake hugeuka gesi. Kazi hiyo hula joto. Fyatua mfululizo na uushike mtungi: utakuta umepoa, pengine umeota ukungu mweupe kama chupa iliyotoka kwenye friji. Ukishapoa, msukumo unapungua na risasi zinaanguka karibu. Ukiinamisha mdomo wa bunduki kwa muda mrefu, kimiminika chenyewe huweza kuingia ndani na kugandisha oringi. Hapo ndipo bunduki inapokohoa na kutoa wingu jeupe mtutuni. Iache ipumzike, mtungi upate joto, nayo itarudi kufanya kazi. Jua kali nalo hufanya kinyume: shinikizo hupanda, na bunduki iliyopimwa kasi asubuhi huwa kali kupita kiasi adhuhuri.

Hewa ya kawaida iliyoshindiliwa haina usumbufu huo, kwa sababu haina kimiminika cha kugeuka gesi. Mitungi yake hujazwa hadi psi (kipimo cha shinikizo) 3000 au 4500, na regyuleta iliyo juu yake hushusha shinikizo hilo kabla hewa haijafika kwenye bunduki. Kama mahali unapochezea pana mashine ya kujazia, chukua hewa. Hatuna ushauri mwingine.

Kuhusu aina, kongwe ni ile ya kukoki kwa mkono: unasukuma na kuvuta kishikio, unafyatua moja, unakoki tena. Mchezo wa kwanza unaojulikana, uliochezwa Juni 1981 huko New Hampshire, Marekani, ulitumia bunduki za namna hiyo zilizokuwa za kutilia alama miti na ng'ombe. Mpaka leo wapo wanaozipenda kwa sababu zinakufundisha kulenga. Kisha kuna hizo za kimekanika tulizozieleza, risasi moja kwa kila mvuto wa triga. Ni ngumu, zinavumilia matope, na ndizo tunazompa anayeanza bila kusita. Zinazotumia magazeni badala ya hopa hubeba risasi chache, kwa hiyo utahesabu kila moja.

Za umeme ni habari nyingine. Triga yake ni swichi tu: bodi ndogo inayotumia betri huiamuru solenoidi, yaani vali ya umeme, kuachia hewa, na jicho la sensa huangalia kama risasi imeshakaa sawasawa kabla ya komeo kusogea. Ni nyepesi kufyatua na zina kasi sana. Lakini nyingi hazipatani kabisa na kaboni dioksaidi, na hopa ya kawaida ya kudondosha haiwezi kuzilisha kwa kasi yao. Zinataka hopa yenye mota. Mteja akinunua ya umeme bila kujua hayo, hurudi kwetu na huzuni.

Risasi ni mpira wa jelatini wenye rangi inayotoka kwa maji. Ya kawaida ina kipenyo cha inchi 0.68 na uzito wa gramu 3 hivi; ya inchi 0.50 ni nyepesi, haiumi sana, inawafaa watoto. Jelatini hunyonya unyevu ikavimba, na kwenye baridi hukauka na kuwa dhaifu, ikapasukia ndani ya mtutu. Kamwe usiziweke kwenye friji. Jaribu hivi: toa mtutu, weka risasi ndani yake. Ikipita yenyewe, mtutu ni mpana mno kwake. Ikikwama hata ukipuliza kwa nguvu, ni mwembamba. Inayokaa na kutoka kwa pumzi moja ndiyo yako.

Kasi isizidi futi 300 kwa sekunde, sawa na mita 91. Viwanja vingi huweka chini ya hapo. Hata kwa kasi hiyo, risasi moja inatosha kuharibu jicho. Barakoa haivuliwi uwanjani, hata kama mnapumzika.

Ukituletea bunduki, tuletee pia mtungi uliokuwa ukiutumia nayo na risasi zilizobaki kwenye hopa. Utoe mtungi kwenye bunduki kwanza, toa risasi iliyobaki ndani, vika mtutu kifuniko chake, ndipo uifungashe.