Mwanangu, mlima nao uuandike

Soni, Lushoto

Mwanangu mpenzi,

Huku ni baridi na ukungu, tunashukuru Mungu. Baba yako hajambo, ni lile goti tu. Nimeamua kukuandikia kwa sababu voisi zangu najua unazisikiliza kwa mwendo wa mara mbili, na habari ya kuuza nyumba yetu ya Kimara, Dar es Salaam, haitaki kukimbizwa.

Tangazo nimeliona. Mdogo wako alinirushia, kisha nikalikuta tena kwenye kurasa mbili za madalali. Umeandika: "NYUMBA KALI SANA INAUZWA KIMARA, DAKIKA 5 TOKA LAMI, HAINA MGOGORO, BEI MAONGEZI, NJOO INBOKSI." Picha ya kwanza ni kabati la televisheni. Ya pili ni sofa. Ya tatu ni sofa ileile kwa upande wa pili. Sasa baba, sofa si utahama nayo? Mtu amekuja kutazama nyumba.

Unalalamika kwamba watu wanaandika "nzuri", wanauliza bei, halafu kimya. Mimi siwashangai. Mtu wa Dar mwenye milioni mia na ushee mkononi ni mtu mwenye hofu. Aliona mwaka 2017 nyumba za barabara ya Morogoro zikipigwa X na kuvunjwa kuanzia hapo hapo Kimara, kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Amesikia viwanja vinavyouzwa kwa watu watatu. Ana shemeji aliyenunua mahali pazuri kiangazi, masika ikaingia, akawa analala juu ya meza. Anaposoma tangazo lako anatafuta majibu ya hayo, na "kali sana" halimjibu hata moja. Miaka yote niliyokaa kaunta ya ardhi pale manispaa, watu walikuja na bahasha zao za kaki, wakainama dirishani, na swali la kwanza halikuwa vyumba vingapi. Lilikuwa: "Mama, hii karatasi ni ya kweli?"

Kwa hiyo anza na karatasi. "Haina mgogoro" lifute, maana hilo hata tapeli analiandika, tena kwa herufi kubwa. Andika kwamba kiwanja kimepimwa, kina hati miliki ya miaka 99 kwa jina la baba yako, hakijawekwa rehani benki, na pango la ardhi limelipwa. Kimara unaijua ilivyojengwa. Kuna waliopimiwa, na kuna waliojipimia wenyewe kwa hatua. Anayesema "hati ipo" mara nyingi ana leseni ya makazi, kile kibali cha muda, mwingine ana karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa. Sizidharau, ila mnunuzi anayetaka kukopa benki anajua tofauti yake, na wewe unayo ile anayoitafuta halafu umeificha nyuma ya sofa. Ongeza kwamba anakaribishwa kufanya upekuzi, yaani kuhakiki mmiliki kwenye masijala ya ardhi, kabla ya kutoa hata shilingi. Mwenye hati ya kughushi hawezi kuandika sentensi hiyo.

Na andika kwamba mke ameridhia. Usicheke. Tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, nyumba ya familia haiuzwi na mmoja bila ridhaa ya mwenzake, na wapo walionunua kwa baba, mama akaja na wakili. Fomu ya ridhaa nitaisaini mimi, kalamu ninayo.

Lakini picha ya hati yenyewe usiiweke, hata kama mtu anakubembeleza inboksi. Picha hizo huzunguka, na kesho utakuta nyumba yako inauzwa na mtu mwingine kule Mbagala. Namba ya hati mpe aliyekuja akaona nyumba na akaonyesha nia, naye akafanye upekuzi wake. Badala yake piga picha bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja. Ile ya kona ya nyuma, karibu na mpapai, imefukiwa na mchanga. Ifukue, isugue kwa brashi mpaka namba yake isomeke, ipige kwa karibu, halafu nyingine kwa mbali inayoonyesha bikoni na ukuta pamoja, ili mtu aone kwamba ukuta haukutoka nje ya mpaka. Wengi hawaweki picha hiyo kwa sababu hata hawajui bikoni zao ziko wapi. Mtu anayejua kununua ataikuza kwa vidole viwili, na huyo ndiye tunayemtaka.

Sasa hizo dakika tano. Dakika tano za nani? Za bodaboda asubuhi ya Jumapili? Mnunuzi amechoka na dakika tano za madalali. Ukishuka Temboni mpaka getini ni mita kama 900 na bodaboda anafika haraka, lakini lazima apande ule mlima. Andika mlima. Najua baba yako hapa ananikodolea macho, anasema nawafukuza watu. Wanaofukuzwa na mlima watafukuzwa nao hata wakija, tofauti ni kwamba umeshapoteza Jumamosi nzima kuwatembeza na wao wameshalipa hela ya dalali ya kuonyeshwa. Tena mlima huo una faida yake: maji ya mvua yanatupita, yanashuka bondeni. Aliyewahi kufurikiwa Jangwani au pembeni mwa Mto Msimbazi, ukimwambia nyumba iko juu mlimani hasikii tatizo, anasikia usingizi. Ila mlima ukiuficha, ataugundua mwenyewe pale bajaji inapozimika katikati, na kuanzia hapo kila ukisemacho atakitilia shaka, hata hati.

Rekodi video moja isiyokatwa, kuanzia lami mpaka ndani ya geti. Panda bodaboda, shika simu vizuri, usiweke muziki, acha mtu asikie njia. Usiongee sana, taja tu duka la dawa, shule, na pale kona barabara inapokuwa nyembamba. Ukiweza, irekodi asubuhi baada ya mvua, ili aone tope lilipo na lisipokuwepo. Siku hizi wapo wanaonunua wakiwa Maskati au Marekani na hapa wana ndugu tu wa kuwatazamia. Video hiyo ndiyo itakayowafanya wamtume ndugu badala ya kupita.

Maji. Dalali ameandika "maji yapo", kama vile kuna anayeandika "maji hayapo". Kimara watu wamebeba madumu miaka na miaka, kwa hiyo swali hili lina kidonda. Sema ukweli wote: mita ya DAWASA ipo, yakikatika kuna simtanki la lita 5,000 juu ya mnara na kisima cha chini cha kuvuna maji ya mvua. Piga picha mita, piga simtanki, piga na bomba la jikoni likiwa linatoka maji. Umeme ni LUKU yetu wenyewe, hatushirikiani na wapangaji, na mita haina deni. Kodi ya jengo inakatwa humo humo kwenye LUKU tangu 2021, hiyo kila mtu anaijua, usijaze nayo tangazo.

Picha za ndani sina maneno mengi. Piga asubuhi, fungua mapazia na madirisha yote, simu ilaze, simama kwenye kona ya chumba, uishike usawa wa kifua si juu ya kichwa. Funga kifuniko cha choo. Nguo za mtoto ziondoke kwenye kamba, na lile jiko la mkaa na ndoo zake vitoke ubarazani. Mkamwana wangu nisalimie sana, mwambie mapazia yake ni mazuri kweli, tatizo ni kwamba yanameza mwanga. Rangi usipake nyumba nzima, hela hiyo hairudi. Paka ukuta wa sebule ulioliwa na unyevu, na geti. Kabla ya kupaka huo wa sebule tafuta kwanza unyevu unatoka wapi, nadhani ni ile gata iliyochomoka upande wa jikoni. Mnunuzi akiona rangi mbichi sehemu moja tu ataweka kiganja, kila mtu anaijua janja hiyo. Ule ufa wa ukuta wa nyuma, huo uache na upigwe picha, umpate fundi aseme bei ya kuuziba na uiandike. Ni ukuta wa uzio, si wa nyumba, lakini asiyeambiwa atadhani nyumba nzima inashuka.

Na mpangilio. Ya kwanza iwe nyumba yote kwa mbele, geti likiwa wazi, paa lionekane. Kisha njia, sebule, jiko, vyumba, bafu, uani, maji, bikoni. Mtu aingie kwa macho kama anavyoingia kwa miguu.

Hapa kwenye bei nitakuudhi. Nyumba hiyohiyo moja nimeikuta milioni 130 kwako ulipomjibu mtu kwenye komenti, milioni 145 kwa dalali wa kwanza, na 150 kwa wa pili. Hicho ni cha juu, ile hela dalali anayojiongezea juu ya bei yako. Wewe umewaambia "mimi nataka yangu 130, zaidi ni yenu", ukadhani umewapa moyo wa kazi. Umewapa sababu ya kuficha bei. Mnunuzi akiona nyumba moja ina bei tatu hafikirii cha juu, anafikiria utapeli, au anasubiri ishuke zaidi. Waite wote wawili pale kwa muuza chipsi wanaposhinda, kubalianeni asilimia ya udalali kwa maandishi, ilipwe siku mnunuzi anapolipa, na wote waweke bei moja. Asiyetaka, afute picha zetu. Dalali simchukii, wale vijana wanaijua Kimara kuliko ramani ya manispaa. Wanachofuata ni njia uliyowafungulia.

"Bei maongezi" nayo iondoe. Andika 130, na kama unapunguza sema unapunguza kidogo. Baba yako anataka 180 kwa sababu anakumbuka kila mfuko wa saruji. Jasho lake mnunuzi halioni, anaona nyumba iliyouzwa mtaa wa pili. Usipime kwa bei za matangazo, hizo ni ndoto za watu. Muulize mwenyekiti wa mtaa na yule wakili wa karibu na kituo zimeuzwa ngapi, si zimetangazwa ngapi. Halafu ile mifuko ya saruji ina kazi nyingine. Risiti zake ziko kwenye sanduku la bati juu ya kabati la chumba chenu. Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida, na faida inahesabiwa baada ya kutoa gharama zenye ushahidi. Kila risiti unayoitupa ni hela unayoipa TRA. Hiyo kodi ni yetu wauzaji, ushuru wa stempu ni wa mnunuzi. Liseme wazi mapema, maana biashara nyingi nimeziona zikivunjikia hapo, watu wameshakunywa soda ya makubaliano.

Nimekuandikia mfano, urekebishe kwa lugha yako ya vijana ila usiongeze sifa:

"Nyumba inauzwa Kimara Temboni, milioni 130, punguzo dogo lipo. Mwenye nyumba ndiye anayeuza, mke ameridhia. Kiwanja kimepimwa, mita za mraba 620, hati miliki ya miaka 99, hakuna rehani, bikoni zote zipo (tazama picha). Karibu ufanye upekuzi kabla ya malipo. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko la ndani, choo cha wote, banda la chumba kimoja uani. Bati la msauzi, madirisha ya alumini. Maji ya DAWASA, simtanki lita 5,000 na kisima cha mvua. Mita 900 kutoka barabara ya Morogoro, nje ya hifadhi ya barabara. Njia ni ya vumbi na ina mlima mkali mita 150 za mwisho, gari dogo linapanda, tazama video. Ukuta wa uzio wa nyuma una ufa, gharama ya fundi imeandikwa kwenye picha ya mwisho. Kuonyeshwa ni Jumamosi na Jumapili, saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni."

Hizo mita nimezikumbuka kichwani, kapime kwa futi ya kamba au kwa simu kabla hujaweka. Ukubwa wa kiwanja nitautazama mimi kwenye ramani iliyo ndani ya hati, usibahatishe.

Tangazo la zamani lifute kabisa, na madalali wafute yao siku hiyohiyo. Usiliinue tena kwa kukomenti "bado ipo", watu wanalihesabu kama kitumbua cha jana. Subiri siku chache ndipo uweke jipya.

Akija mtu akasema anachukua leo na anataka kulipa taslimu bila wakili, mpe maji ya kunywa na umwambie mama anakuja wiki ijayo. Basi la asubuhi kutoka hapa linanifikisha stendi ya Magufuli jioni, utanipokea Mbezi. Nitakuletea pears na viazi, na hati nitakuja nayo mwenyewe mkobani.

Mama yako.