Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2025 na Shughuli za Vibali

Ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina baada yangu, kwa hiyo fedha nitazigusa mwishoni tu. Kazi iliyoimeza kamati mwaka 2025 ni vibali vya kazi na ukaazi hapa Ujerumani, hasa Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya, kibali cha wataalamu wenye ajira, ambayo wengi wa wahandisi, madaktari na watu wa kompyuta miongoni mwetu ndiyo wanaishi nayo.

Nianze na kiwango cha chini cha mshahara kinachodaiwa ili kupata kadi hii, maana kila Januari simu yangu hailali. Mwaka 2025 kilikuwa yuro 48,300 kwa mwaka kabla ya makato, na 43,759.80 kwa fani zenye uhaba wa wataalamu na kwa waliomaliza chuo ndani ya miaka mitatu. Mwaka huu wa 2026 vimepanda kufikia 50,700 na 45,934.20. Wapo wanaosema tunafukuzwa kwa ujanja. Sivyo. Kiwango hukokotolewa kutokana na kikomo cha mshahara unaokatwa michango ya pensheni, nusu yake kwa fani za kawaida, na mishahara ya nchi ikipanda nacho hupanda. Tukumbuke pia tulikotoka: mwaka 2023, kabla ya marekebisho ya sheria ya Novemba, kiwango cha kawaida kilikuwa 58,400. Marekebisho hayohayo yamewawezesha watu wa kompyuta wasio na shahada kupata kadi wakithibitisha uzoefu wa angalau miaka mitatu ndani ya miaka saba iliyopita. Sheria imelegea. Kwa maoni yangu, tunaokwama siku hizi tunakwama kwenye mkataba na makaratasi, mambo ambayo yangeweza kunyooshwa kabla ya kugusa dirisha la ofisi ya wageni.

Mwenzetu mmoja alisaini mkataba uliofikia kiwango kwa sababu ya bonasi. Bonasi yenyewe mwajiri alikuwa na hiari ya kuitoa au kuacha, basi ofisi haikuihesabu. Inauma, lakini kisheria walikuwa sahihi: kinachohesabiwa ni malipo yaliyohakikishwa kwa maandishi. Mwajiri alikubali kuihamishia sehemu ya bonasi kwenye mshahara wa msingi, ila miezi ilikuwa imeshapotea, na mkewe alikuwa Mwanza akisubiri. Kwa kadi hii mwenzi hadaiwi mtihani wa Kijerumani kabla ya kuja, na akifika anaruhusiwa kufanya kazi moja kwa moja. Kuchelewa kwa mume kulikuwa kuchelewa kwa ajira mbili.

Upande wa vyeti, chuo na shahada hutazamwa katika anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo na shahada za nje, na shahada isipoonekana humo huombwa tathmini kutoka ZAB, ofisi ya kutathmini elimu ya nje iliyoko Bonn, ada yuro 208. Vyuo vyetu vimebadilika majina na hadhi. Aliyesoma UCLAS, chuo cha ardhi na usanifu majengo, ana cheti cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilhali tangu 2007 pale pale panaitwa Chuo Kikuu Ardhi. Aliyesoma Kenya Polytechnic leo anatajiwa Technical University of Kenya. Afisa wa hapa hana namna ya kuijua historia hiyo. Ongeza majina yetu: cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu, na la babu limegeuzwa jina la ukoo. Ombeni barua ya chuo inayoeleza mabadiliko mapema, kabla hamjaulizwa.

Waliobadilisha kazi wametusumbua, na nalisema kwa upendo. Katika miezi 12 ya mwanzo ni lazima ofisi ya wageni iarifiwe, nayo inaweza kuusimamisha mpango huo kwa siku 30 ikauchunguza. Baada ya hapo uko huru zaidi. Lakini ajira ikikatika kabla ya muda wake, una wiki mbili za kutoa taarifa, iwe umefukuzwa au umeondoka mwenyewe. Kukaa kimya ukitafuta nyingine ni kujitia kitanzi. Na kadi ikikaribia kuisha, ombeni upya kabla ya tarehe. Ukifanya hivyo haki ya kufanya kazi inaendelea mpaka uamuzi utoke, hata kama miadi ni ya mbali. Daini hati ya muda, Fiktionsbescheinigung, mkamwonyeshe mwajiri, maana maafisa wa ajira wengine wakiona tarehe imepita wanamsimamisha mtu.

Mwaka huu tulifiwa na wazazi kadhaa nyumbani, na tumechanga kadiri tulivyoweza. Baadhi ya wafiwa walirudi haraka wakihofia kupoteza ukaazi. Vibali vingi hapa huisha nguvu mtu akikaa nje zaidi ya miezi sita, ila wenye Kadi ya Bluu na familia zao wana miezi 12. Kazini ruhusa ni habari nyingine, lakini kwa upande wa kibali mngeweza kumaliza arobaini kwa utulivu.

Sasa madalali. Tangu Kenya na Ujerumani zisaini mkataba wa uhamiaji Berlin tarehe 13 Septemba 2024, ilienea habari ya nafasi 250,000 kwa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ilikanusha hadharani: mkataba hauna idadi wala mgao. Hata hivyo ndugu zetu Nairobi na Mombasa wanaendelea kuuziwa fomu. Maombi ya visa ya kazi yanafanyika mtandaoni kwenye tovuti ya huduma za kikonseli ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani tangu Januari 2025, bila dalali. Kamati imeamua chama hakitampendekeza wakala yeyote, hata akiwa shemeji wa mwanachama, na mashemeji wameshajitokeza.

Darasa la Kijerumani la Jumamosi lilianza kwa kishindo, likapwaya vuli ilipoingia. Mwenye kadi akifikia B1, ngazi ya kati ya lugha, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21. Akibaki A1, ngazi ya mwanzo, anasubiri 27. Nusu mwaka hiyo mnaiacha mezani kwa sababu ya baridi.

Kamati inaomba ridhaa yenu kwa jambo moja: kila mwanachama au ndugu anayekuja aweze kuleta mkataba wake usomwe kabla ya kusaini, na wenye uzoefu wajitolee kwa zamu. Pale penye utata wa kisheria tutamlipa wakili kwa saa, na hapo ndipo ada zinapoingia: waliolipa nusu wamalizie kabla ya Machi kuisha.

Naomba kuwasilisha.