Menengai tunashuka saa ambayo nyota zinatoka

Mhariri,

Naandika kuomba kaunti ituwezeshe kutazama nyota usiku kule kreta ya Menengai, na wacha niseme ukweli, naandika nikiwa na wivu kidogo. Mwaka jana mwezi wa sita nilienda kumtembelea kakangu anayefanya kazi Cape Town, siku moja akanipakia kwa gari tukaenda kama masaa manne hivi mpaka kamji fulani kanaitwa Sutherland, huko nyanda za juu kukavu kabisa, kwa sababu kuna kituo cha kutazama nyota na usiku wanaruhusu raia yeyote mradi umebuku mapema. Baridi ya huko si mchezo. Nilivaa masweta mawili na meno bado yakagongana.

Sasa ile darubini yao kubwa, SALT, kioo chake ni vipande 91 vimepangwa pamoja upana kama mita 11, hiyo huichungulii, ni ya wanasayansi. Wageni wana zao ndogo. Kwanza unazima simu (mimi nilikemewa mara mbili kwa sababu ya tochi), mnakaa gizani karibu nusu saa macho yazoee, ndio mnapanga laini. Nikaonyeshwa kitu kinaitwa Omega Centauri, kwa macho matupu ni kadoa tu ka ukungu lakini ukiinamia darubini ni nyota juu ya nyota, kama mtu amemwaga sukari kwa leso nyeusi, na dada aliyekuwa anatuongoza akasema mwanga huo uliondoka huko miaka kama elfu 17 iliyopita. Nilikwama hapo mpaka walio nyuma yangu wakaanza kuguna.

Halafu nikauliza, hapa tuko juu kiasi gani? Nikaambiwa mita 1,798. Mhariri, Nakuru mjini tu, hapo stendi ya matatu, tuko kama mita 1,850! Na Menengai juu ni 2,278. Yaani mama mboga wetu anauza sukuma akiwa juu kuliko kile kituo. Tena sisi tuko karibu kabisa na ikweta, usiku wa Machi ukikesha kidogo unaona Msalaba wa Kusini upande huu na upande ule zile nyota saba za kaskazini zenye umbo la kata ya maji, ambazo wenzetu wa Sutherland hawazioni zote hata wafanye nini.

Najua kimo peke yake hakitoshi. Kule ni kukavu na wana sheria tangu 2007 ya kulinda eneo lao lisichafuliwe na taa, sisi tuna mawingu na stima za mji ziko hapo chini. Lakini Mwezi na sayari kama Mshtarii na Zohali haziogopi taa za mji, hata darubini ya kawaida inakuonyesha pete za Zohali, na Januari na Februari anga letu huwa safi. Sijaomba kaunti ijenge SALT. Naomba Jumamosi moja kwa mwezi huko Menengai, darubini mbili tatu, askari wa kutosha, na matatu za kurudisha watu mjini, watoto walipe kidogo. Wazee walikuwa wanaangalia Kilimia, lile kundi la nyota, ndio wajue msimu wa kulima, watoto wetu sayari wanazijua kwa chati ya ukutani.

Mimi Januari nilijaribu kupeleka watoto wa ploti yetu huko juu. Tukala mahindi, tukatupa mawe kwa kreta, lakini ilipofika saa kumi na mbili jioni kila mtu akaanza kushuka kwa sababu ya usalama, na sisi pia. Nyota ya kwanza ilitokea tukiwa kwa nduthi (bodaboda), na yule mdogo kabisa akawa anamwambia mwenye nduthi asimame kidogo. Hakusimama.

Mkazi wa Kiamunyi,
Nakuru